Baa Isiyo na Januari

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, ufuo wa Pwani ya Kenya hupata majirani wapya. Shule zimefungwa, tiketi za treni ya Mombasa zinagombaniwa, na viwanja vilivyoota magugu tangu masika vinafyekwa kuanzia Diani hadi Watamu. Kenta linashusha jenereta na friji, mafundi wanafunga turubai, makuti yanazungushwa pande tatu na upande wa nne unaachiwa bahari. Jukwaa la vyuma linasimamishwa kwa siku mbili, spika zinapangwa moja juu ya nyingine, na mlangoni mabaunsa wanaanza kuwafunga wageni bangili za karatasi mikononi. Kwa wiki tatu hapo pana baa, ukumbi wa muziki na mara nyingi jiko la nyama choma, vyote katika kiwanja kimoja. Shule zinapofunguliwa Januari, kinachobaki ni mashimo ya nguzo na vifuniko vya chupa mchangani. Biashara hiyo ni halali, inawapa vijana kibarua na inawaletea wavuvi, mama lishe na waendesha tuktuk kipato ambacho miezi ya mvua haikileti. Lakini kila msimu inarudisha swali lile lile katika ofisi za kaunti: ukumbi ambao mwezi ujao hautakuwepo upewe leseni ya namna gani?

Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba jambo la wiki tatu linastahili kibali chepesi. Kwa nini umsumbue mtu anayeondoka kesho kutwa? Mimi naona kwamba kule kuondoka kwake ndiko kunakotulazimisha tumkague zaidi. Tazama jinsi baa ya kudumu inavyodhibitiwa. Mwenye baa ya mtaa amelipia pango, amekopa benki, ameweka kaunta na makabati, na wateja wake ni watu anaoonana nao sokoni. Kila mwaka lazima arudi mbele ya kamati kuomba leseni upya, na majirani aliowakosesha usingizi wanayo nafasi ya kusimama na kusema. Askari hahitaji kulala mlangoni pake. Hofu ya kunyimwa leseni mwaka ujao inamlinda yeye na inawalinda wateja wake. Ukumbi wa msimu hauna hofu hiyo. Ikiwa mkesha wa Mwaka Mpya umejaza watu maradufu ya uwezo wake, au umewauzia pombe watoto wa sekondari, adhabu ya kunyimwa leseni inamkuta mwenyewe ameshakunja turubai na kurudi alikotoka. Mwaka ujao atakuja na jina jingine la kampuni, au atakuja shemeji yake. Kwa hiyo ulinzi ambao katika baa ya kawaida husambazwa miezi kumi na miwili, kwa ukumbi wa msimu hauna budi kutangulizwa wote, kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.

Sheria ya kitaifa ya Kenya kuhusu vileo, ile ya mwaka 2010 ambayo wananchi waliibatiza jina la mbunge aliyeiwasilisha, John Mututho, iliandikwa mawazo yakiwa kwenye baa yenye kuta. Iliweka umri wa miaka 18, ikakataza baa kuwa chini ya mita 300 kutoka shuleni, na ikapanga saa za kuuza: saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa wiki na sikukuu. Mwaka huo huo wananchi walipitisha Katiba mpya, na Jedwali la Nne likazikabidhi kaunti utoaji wa leseni za vileo, burudani za umma, udhibiti wa kelele, na hata fuo na maeneo ya mapumziko ya kaunti. Kwa maneno mengine, karibu kila kinachohusu ukumbi wa Desemba kimewekwa chini ya paa moja la serikali ya kaunti. Kaunti nyingi zimeshatunga sheria zake za vileo. Hata hivyo, karatasi zenyewe zimebaki zimetawanyika: leseni ya kuuza pombe ina kamati yake, afya ina mkaguzi wake, kelele zina kibali chake, muziki una mirabaha yake ya kulipwa vyama vya wasanii na watayarishaji, polisi wanataka barua ya taarifa, na zimamoto nao wana ukaguzi wao. Mwombaji mwaminifu anazunguka ofisi hizo akiwa na bahasha moja ya nakala. Asiye mwaminifu anachukua karatasi mbili zilizo rahisi kupatikana, anazibandika kaunta, na askari anayepita usiku hajui ni zipi zinazokosekana.

Hatari ya mtawanyiko huo ni kwamba kitu cha muda kinaweza kupita katikati ya ofisi zote bila hata moja kukigusa. Marekani ililijua hilo kwa msiba. Tarehe 13 Agosti 2011, katika maonyesho ya kilimo ya jimbo la Indiana, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa la muziki juu ya watazamaji, na watu saba wakapoteza maisha. Uchunguzi ulipofanywa ilibainika kwamba vyuma vilivyobeba taa na spika havikuwa na nguvu iliyotakiwa kuhimili upepo, na kwamba hapakuwa na mtu mmoja aliyejulikana wazi kuwa ndiye wa kusimamisha onyesho hali ya hewa inapoharibika. Lililo muhimu zaidi kwa mjadala wetu ni kwamba sheria ya jimbo wakati huo haikutaka jukwaa la muda likaguliwe kama linavyokaguliwa jengo. Jengo dogo la kudumu lingeweza kuulizwa ramani. Paa la tani nyingi juu ya vichwa vya maelfu ya watu halikuulizwa, kwa sababu lingeng'olewa baada ya siku chache. Wabunge wa Indiana walirekebisha sheria mwaka uliofuata. Sisi tunao upepo wetu wa kaskazi, unaovuma kutoka Desemba hadi Machi, msimu ule ule ambao majukwaa ya vyuma yanasimamishwa kwenye mchanga usioshika nguzo.

Ukaguzi wenyewe, ukija umechelewa, hausaidii sana. Mjini Duisburg, Ujerumani, tarehe 24 Julai 2010, tamasha la muziki la Love Parade lilifanyika katika uwanja wa zamani wa treni za mizigo, mahali ambapo hapajawahi kuwa ukumbi. Watu waliingia na kutoka kwa njia moja ya chini ya reli na mteremko mmoja mkuu. Msongamano ulipozidi, watu 21 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Kibali cha kutumia uwanja ule kilitolewa siku chache tu kabla ya tamasha, wakati matangazo yalishatoka, wasanii walishaalikwa na wageni walikuwa njiani. Afisa anayepewa faili katika hali hiyo ana uhuru gani wa kusema hapana? Kesi ya jinai iliyofuata ilifungwa Mei 2020 bila mtu yeyote kutiwa hatiani. Kwa hiyo mwenye kutetea kibali cha dakika za mwisho, akisema makosa yatashughulikiwa mahakamani baadaye, aitazame Duisburg: miaka kumi ya mawakili, na familia 21 zilibaki bila hukumu. Hapa kwetu maombi ya Desemba yanayowasilishwa Desemba ni mwanzo wa mtego huo huo. Tiketi zikishauzwa, kamati inageuka kuwa mhuri.

Kelele ndizo zinazozua ugomvi mwingi kuliko jambo jingine lolote, na hapa sheria yetu inastahili kutazamwa kwa karibu. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo ziligawa siku mara mbili: mchana unaishia saa mbili usiku, na kutoka hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi ni usiku. Kiwango cha juu cha usiku ni desibeli 35, iwe kwenye makazi au kwenye eneo la biashara. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili mezani hufikia takriban desibeli 60. Sasa chukua spika za ukumbi wa wazi zinazotoa desibeli 100 ukiwa umesimama mita 10 mbele yake, jambo la kawaida kabisa kwa muziki wa dansi. Nje, penye uwazi, sauti hupungua takriban desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa mita 20 inakuwa 94, kwa mita 40 ni 88, kwa mita 80 ni 82, kwa mita 160 ni 76, kwa mita 320 ni 70, na kwa mita 640, umbali wa kutoka ufuoni hadi ng'ambo ya barabara kuu katika sehemu nyingi za Diani, bado ni 64. Miti na nyumba hupunguza kidogo, lakini mdundo wa besi hupenya kuta, na upepo wa kaskazi unaotoka baharini unaisukuma sauti kuelekea nchi kavu, walikolala watu.

Maana yake ni kwamba hakuna ukumbi wa wazi unaopiga muziki usiku na kutimiza kiwango cha 35. Kanuni zenyewe zinakubali hilo kimyakimya, kwani zinamruhusu mtu kuomba leseni maalumu ya kupita kiwango. Lakini sheria inayovunjwa na kila mtu humpa afisa uwezo wa kumchagua wa kumshika, na hapo ndipo bahasha inapozaliwa. Mwenye ukumbi hajui amekosa nini, jirani hajui alalamike kwa kipimo gani, na polisi wanabaki kuamua kwa masikio. Leseni ya msimu iliyoandikwa vizuri ingetaja namba inayopimika: sauti isizidi kiasi fulani kwenye ukuta wa nyumba ya jirani wa kwanza, spika zielekezwe baharini, besi ipunguzwe saa sita, muziki wote uzimwe saa nane, na kipima sauti kiwepo mezani kwa dijei ili yeyote anayelalamika aweze kuonyeshwa. Sharti la namna hiyo linamfaa hata mwenye biashara, kwa sababu akilitimiza hana wa kumwogopa. Pia linampa heshima mzee wa mtaa anayeamka alfajiri kwenda msikitini, ambaye kwa sasa hana analoweza kufanya zaidi ya kupiga simu isiyopokelewa.

Uingereza, ambayo sheria zake za vileo ndizo zilizozaa zile za ukoloni hapa Afrika Mashariki, imejaribu kulijibu swali la ukumbi wa muda, na majibu yake yanafunza kwa mazuri na kwa mapungufu. Chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, inayotumika England na Wales, mtu anayetaka kuuza pombe au kuweka muziki mahali pasipo na leseni anaweza kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa kwa ada ya pauni 21. Watu wote waliomo, pamoja na wafanyakazi, wasizidi 499, na shughuli isizidi saa 168, yaani siku saba. Taarifa ifike siku kumi za kazi kabla, au siku tano ikiwa ni ya kuchelewa, na ile ya kuchelewa ikipingwa hakuna rufaa: shughuli imekwisha hapo hapo. Polisi na maafisa wa afya ya mazingira wana siku tatu za kazi kuipinga. Mpaka hapo ni nyepesi mno, mtu anaweza kusema. Lakini waliotunga sheria hiyo walijua watu hubadilisha majina. Idadi ya taarifa haihesabiwi kwa mwombaji peke yake. Inahesabiwa pia kwa mahali. Kiwanja kimoja kinaruhusiwa shughuli 15 na jumla ya siku 21 kwa mwaka, awe mwombaji ni nani. Na mke, mtoto au mshirika wa kibiashara wa mwombaji anahesabiwa kuwa ni yeye mwenyewe, ili familia isipokezane taarifa na kuigeuza shughuli ya wiki moja kuwa baa ya mwaka mzima.

Anayetaka kukusanya watu zaidi ya hao, au kukaa msimu mzima, lazima aombe leseni kamili, ingawa anaweza kuiombea kipindi chenye mwisho. Hapo analazimika kubandika tangazo kwa siku 28 kwenye eneo lenyewe. Kanuni zinataja hata rangi yake: karatasi ya buluu hafifu, isiyopungua ukubwa wa karatasi ya kawaida ya barua, maandishi meusi yasiyo madogo kuliko ukubwa wa 16, na uwanja ukiwa mkubwa, tangazo lirudiwe kila mita 50 kandokando ya barabara. Mtu anayepita na mbwa wake anajua karatasi ya buluu maana yake ni nini, na ana haki ya kuandika pingamizi. Kwa umati mkubwa ada nayo hupanda: kuanzia watu 5,000 kuna nyongeza ya pauni 1,000, hadi pauni 64,000 kwa umati wa 90,000 na zaidi. Kuna jambo moja ambalo singependa tuliige. Katika taarifa ile nyepesi ya pauni 21, jirani hana nafasi ya kupinga kabisa; ni polisi na maafisa wa mazingira tu. Kwetu, ambako afisa mmoja wa mazingira anahudumia eneo kubwa na hana gari wikendi, kumnyima jirani sauti ni kuliondoa jicho pekee lililo macho.

Kutokana na hayo, ninaloziomba kaunti za Pwani ni leseni ya tatu, iliyo tofauti na ile ya mwaka na tofauti na barua ya ruhusa ya usiku mmoja. Iitwe leseni ya msimu, itolewe na meza moja ambako idara zote husika zinakaa pamoja, na iwe na tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Maombi ya Desemba yafungwe mwishoni mwa Septemba, ili kamati iweze kukataa bila kutishwa na tiketi zilizouzwa, na tiketi zisiuzwe kabla leseni haijatoka. Leseni imtaje mtu mmoja kwa jina, anayepatikana uwanjani kila saa pombe inapouzwa, mwenye mamlaka ya kuzima muziki na kufunga kaunta. Mwombaji aweke amana inayolingana na idadi ya watu atakaowaingiza, na arudishiwe baada ya uwanja kukaguliwa Januari. Na juu ya yote, mwenye kiwanja atie saini. Yeye haondoki. Akikodisha ardhi yake kwa mtu aliyevunja masharti, kiwanja hicho kikae misimu miwili bila leseni, hata akija mwombaji mwingine mwenye nia njema. Sharti hilo moja lingefanya kazi kuliko misako kumi, kwa kuwa lingemgeuza mwenye ardhi kuwa mkaguzi wa kwanza. Angeuliza maswali kabla ya kupokea kodi. Na kwa kuwa Katiba, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, ramani ya leseni ionyeshe kamba inaishia wapi, ili mvuvi na mtoto wa kijijini waendelee kupita ufuoni bila kuulizwa bangili.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni la wafanyabiashara wadogo. Kijana wa Ukunda aliyekusanya mtaji wa friji mbili na spika za kukodi hana pesa za amana wala mwanasheria wa kumjazia fomu Septemba. Masharti mazito yatawaachia msimu matajiri kutoka Nairobi. Hofu hiyo ni ya kweli, na jibu lake liko kwenye ukubwa. Watu 80 kwenye benchi chini ya mwembe si sawa na watu 3,000 mbele ya jukwaa la vyuma, na leseni isiwatendee sawa. Chini ya idadi fulani, tuseme 200, amana iondolewe, ada iwe ndogo, fomu iwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na muda wa maombi uwe mfupi. Yabaki mambo yasiyo na mjadala: umri, choo, maji ya kunywa, njia ya kutokea, saa ya kuzima muziki. Kwa hali ilivyo sasa mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hawezi kuzunguka ofisi zote, na mwisho wake anafanya biashara kwa wasiwasi, akimlipa kila askari anayesimamisha pikipiki mbele ya kiwanja.

Wenye baa za kudumu nao wana lao. Wanalipa leseni mwaka mzima, wanavumilia Mei na Juni bila wateja, na Desemba inapofika mgeni anakuja kuvuna. Wako sahihi kwamba si haki mgeni huyo alipe kidogo na akaguliwe kidogo. Ila dawa si kumzuia asije. Ni kumpa leseni ambayo kwa kila siku ya biashara haiwi rahisi kuliko ya kwao. Leseni ya muda mfupi kuliko mwaka si ngeni katika ukanda huu. Tanzania kwa miaka mingi imetoa leseni za vileo kwa vipindi vya nusu mwaka, Aprili hadi Septemba na Oktoba hadi Machi. Kinachowezekana Tanga hakiwezi kuwa muujiza Kwale.

Wapo pia wanaosema suluhisho ni kupiga marufuku. Sera ya kitaifa kuhusu pombe na dawa za kulevya iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21, na ikazitaja fuo miongoni mwa mahali ambapo pombe isiuzwe. Viongozi wengi wa dini Pwani wanaunga mkono mwelekeo huo, na sababu zao hazipaswi kudharauliwa. Mji kama Lamu una mila zake, na kaunti au kijiji kinachoamua hakitaki ukumbi wa pombe karibu na msikiti au makaburi kina haki ya kusikilizwa na kukubaliwa. Leseni ya msimu inayotangazwa mapema, kwa karatasi iliyobandikwa pale pale kiwanjani, ndiyo inayowapa wakazi nafasi ya kukataa kwa wakati. Lakini marufuku ya jumla kwenye ufuo wote haitaondoa unywaji wa Desemba. Itauhamishia kwenye masanduku ya barafu, kwa wachuuzi wasio na jina, na kwenye chupa ambazo hakuna ajuaye zilijazwa wapi. Kenya imeshazika watu wengi kwa pombe yenye sumu. Mei 2014 makumi walikufa katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 vifo vikatokea tena Kirinyaga. Kaunta yenye leseni inaweza kudaiwa stakabadhi ya msambazaji na stempu ya ushuru ya mamlaka ya mapato, KRA, kwenye kila chupa. Mfuko wa mchuuzi anayetembea gizani haudaiwi chochote, wala hauna mtu wa kumzuia mlevi kuingia baharini saa nane za usiku.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ndilo linalonisumbua zaidi: kwamba sheria tunazo, tatizo ni rushwa na ulegevu, na leseni mpya itakuwa mlango mpya wa kuchukulia pesa. Siwezi kusema hofu hiyo haina msingi. Ninachoweza kusema ni kwamba rushwa hustawi pale masharti yanapokuwa hayajulikani na pale uamuzi unapofanywa usiku, kati ya watu wawili, karibu na jenereta. Leseni inayotolewa Oktoba, mbele ya kamati, ikiwa na namba ya desibeli, idadi ya watu, saa ya kufunga na jina la mwenye kiwanja, kisha ikabandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa, inampa kila mteja na kila jirani uwezo wa kuisoma na kuhesabu. Haitamfanya mla rushwa kuwa mtakatifu. Itampunguzia giza la kufanyia kazi.

Mabunge ya kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu yana mamlaka ya kuandika leseni hii bila kusubiri Nairobi, kwani Katiba imeshayapa. Muswada ukiwasilishwa mwanzoni mwa mwaka, ukapelekwa kwa wananchi kutoa maoni wakati wa masika, viwanja vikiwa vitupu na hasira zimetulia, kanuni zinaweza kuwa tayari Septemba. Wawakilishi wa wadi, waulizeni wakazi wa nyuma ya barabara, waulizeni madijei, waulizeni wenye viwanja, kisha mwandike. Na wewe msomaji unayepanga kushuka Pwani Desemba hii, kabla hujanunua tiketi muulize mwenye ukumbi mambo matatu: leseni yake inaisha tarehe gani, inaruhusu watu wangapi, na ni nani aliyetajwa humo kuwa msimamizi. Asipoweza kukujibu, usimpe pesa zako.